Sanduku la Sani: Kuuza au Kutunza?

Utangulizi

Swali linalojadiliwa katika makala haya lilinifikia kwa njia ya simu, kutoka Muyinga. Baba yangu mdogo, ambaye kwa miaka mingi alifanya biashara ya nguo na vyombo kati ya Muyinga na miji ya Tanzania, alitaka ushauri. "Mwalimu," aliniambia, maana tangu nianze kufundisha ameacha kuniita kwa jina, "nina sanduku la Sani hapa nyumbani. Kuna watu wanalitaka. Niuze au nitunze? Wewe ndiye uliyesomea mambo haya."

Nilikuwa tayari kumjibu palepale kwamba asiuze hata nakala moja. Baadaye nikajiuliza ningetoa jibu hilo kwa haki gani. Mimi nakaa Gitega na nina mshahara. Yeye anakaa na sanduku hilo Muyinga, chumba kinavuja, na ana mjukuu anayedaiwa karo ya sekondari, yaani minervali kama tunavyoiita huku. Ni rahisi sana kumwambia mtu atunze urithi wa lugha iwapo gharama ya kuutunza hailipi wewe.

Ninaamini kwamba masanduku ya namna hii yamo katika nyumba nyingi za Muyinga, Gitega na kwingineko nchini, na kwamba wanafunzi wetu wataulizwa swali hilohilo na wazazi wao. Kwa hiyo nimeona vema kueleza kwa utaratibu jinsi ya kulijibu: magazeti haya ni yapi, yana thamani gani sokoni, yana thamani gani darasani, yanaharibiwa na nini, na mwenye mali aamue vipi. Mwishoni nitaeleza sisi tuliamua nini.

Magazeti haya ni yapi na yalifikaje kwetu?

Kabla ya kukadiria thamani ya kitu, ni lazima kujua ni kitu gani. Hadithi za picha za Kiswahili zina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Nchini Kenya, Edward Gitau alichora Juha Kalulu, ambaye wasomaji wa Taifa Leo walimfuata kwa miongo kadhaa. Nchini Tanzania, Christian Gregory alimwanzisha Chakubanga katika gazeti la Uhuru mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Hivyo vilikuwa vibonzo vya ndani ya magazeti ya habari: msomaji alinunua habari, na kibonzo akakikuta humo.

Sani lilikuwa jambo jingine. Lilikuwa jarida ambalo picha na vichekesho ndivyo vilivyokuwa bidhaa yenyewe. Jina lake limetokana na waasisi wake wawili, Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo: SA ya Saidi na NI ya Nicco. Humo ndimo walimoishi Ndumilakuwili, tapeli wa mjini, Madenge, mtoto mtundu, Komredi Kipepe, na Lodi Lofa, ambaye jina lake lenyewe linamcheka, kwa kuwa lodi ni bwana mkubwa na lofa ni mtu asiye na kitu. Mchoraji mmoja aliyechangia sana kulijenga jarida hilo, Philip Ndunguru, alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana.

Magazeti hayo yaliingia Burundi kwa njia mbili kuu. Njia ya kwanza ni biashara. Mji wa Muyinga hauko mbali na mpaka wa Kobero, na ukivuka hapo uko Kabanga, katika wilaya ya Ngara. Mfanyabiashara aliyelala Ngara, Kahama au Mwanza akisubiri gari alinunua gazeti la kupitisha muda, akalirudisha nyumbani ndani ya mzigo. Njia ya pili ni uhamisho. Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 walipewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Watoto wao walisoma shule za Kiswahili. Kuanzia mwaka 2008 makumi ya maelfu kati yao walirejea Burundi, na pamoja na magodoro na masufuria wengine walileta vitabu na magazeti.

Masanduku ya Gitega kwa kawaida yana sura nyingine. Katika mji huu wenye shule za kale za misheni, mtu akifungua kabati la marehemu mwalimu ana uwezekano mkubwa wa kukuta hadithi za picha za Kifaransa: albamu za Tintin na Spirou kutoka Ubelgiji, au jarida la Kouakou, ambalo Ufaransa iliwagawia bure watoto wa nchi za Afrika zinazotumia Kifaransa kuanzia miaka ya 1960. Tofauti hii ni muhimu kwa muuzaji, kwa sababu masoko ya makundi haya mawili hayafanani kabisa.

Thamani ya sokoni

Watu wengi wamesikia kwamba gazeti la zamani la katuni linaweza kumtajirisha mtu. Habari hizo si uongo. Mwaka 2024 nakala moja ya Action Comics namba 1, iliyotoka Marekani mwaka 1938 na kuuzwa kwa senti 10, ilinunuliwa katika mnada kwa dola milioni 6. Lakini ni lazima kuelewa sababu zake. Kwanza, humo ndimo Superman alimotokea kwa mara ya kwanza. Pili, zimebaki nakala chache sana, kwa kuwa watoto walizisoma hadi zikachanika, wazazi wakazitupa, na wakati wa Vita Kuu ya Pili karatasi zilikusanywa kwa ajili ya vita. Tatu, wapo watu wengi wenye fedha wanaozigombea.

Ikikosekana sababu moja kati ya hizo, bei huanguka. Mwaka 1992 wachapishaji walitoa toleo la kifo cha Superman, namba 75. Watu walilinunua kwa mamilioni, wengine nakala kadhaa kwa mkupuo, wakaziweka ndani ya mifuko yake bila kuzifungua wakitumaini kuziuza ghali uzeeni. Kwa kuwa kila mtu alitunza, hakuna aliyekosa. Na kwa kuwa hakuna aliyekosa, hadi leo nakala ya kawaida ya toleo hilo huuzwa kwa bei ndogo tu. Uzee peke yake hauleti bei. Bei huletwa na uhaba ukikutana na wanunuzi.

Hali ya nakala nayo ina uzito mkubwa. Huko Marekani, tangu mwaka 2000, ipo kampuni ya CGC inayopima magazeti ya katuni kwa alama kuanzia 0.5 hadi 10. Mkunjo wa jalada, kutu ya pini au jina lililoandikwa kwa kalamu hushusha alama, na alama ikishuka bei nayo hushuka.

Kwa mwenye sanduku la Gitega lenye Tintin, somo ni hili: usiuze kabla ya kutazama. Hadithi ya Tintin nchini Kongo ilitoka kwanza gazetini mwaka 1930 na 1931, ikawa albamu isiyo na rangi mwaka 1931, kisha ikachorwa upya kwa rangi mwaka 1946. Albamu hizo zimechapishwa tena na tena, na nyingi zilizomo makabatini mwetu ni matoleo ya baadaye yasiyo na bei kubwa. Wakusanyaji hutambua umri wa albamu kwa kutazama jalada la nyuma, ambapo zimeorodheshwa albamu zilizokuwa zimeshatoka wakati huo. Orodha ikiwa fupi, albamu ni ya zamani. Aidha, tusichanganye nakala iliyochapwa na mchoro wa asili. Mchoro wa Hergé uliouzwa Paris mwaka 2021 kwa zaidi ya euro milioni 3 ulikuwa karatasi aliyoichora kwa mkono wake mwaka 1936, wala haukuwa kitabu cha dukani.

Je, Sani? Hapa inafaa tuseme kweli. Hatuna mnada wa magazeti ya Kiswahili, hatuna kitabu cha bei, wala hatuna kampuni ya kupima alama. Sharti la uhaba limetimia, maana nakala za miaka ya 1980 hazionekani ovyo. Kinachokosekana ni wanunuzi wanaoshindana. Kwa hiyo bei hutegemea mtu aliyesimama mlangoni siku hiyo.

Mlangoni kwa baba mdogo walisimama wawili. Wa kwanza alikuwa muuza karanga wa sokoni. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku kwa amri ya rais ya mwaka 2018, karatasi ya kufungia bidhaa ndogo ndogo inatafutwa, na yeye alitaka sanduku zima kwa kilo. Bei aliyotaja kwa kilo moja haikufikia bei ya kilo ya maharagwe. Wa pili alikuwa mgeni mpita njia, mpenzi wa michoro ya Kiafrika. Yeye alitaka nakala kumi tu, zile zenye majalada mazuri zaidi, na alitoa fedha iliyozidi mara kadhaa ile ya muuza karanga kwa sanduku zima.

Thamani ya darasani

Nilipofika Muyinga, kwa barabara ya Karuzi, tulitoa nakala zote nje na kuzihesabu. Zilikuwa 86. Tulizipanga uani juu ya mkeka kwa namba za matoleo, na mara tukaona mambo ambayo hayaonekani nakala zikiwa zimerundikwa sandukuni.

Jambo la kwanza ni pengo. Kulikuwa na nakala za miaka ya 1980, za mwanzo wa miaka ya 1990, kisha hakuna kitu, halafu zikaanza tena. Nilidhani zimeibwa. Baba mdogo akacheka: "Mwanangu, umesahau vikwazo? Mpaka ulifungwa. Ningeipitisha wapi Sani wakati hata chumvi ilikuwa taabu?" Ni kweli. Kuanzia Julai 1996 hadi Januari 1999 nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi. Pengo lile ni sehemu ya historia ya mkusanyiko, na mtu anayenunua nakala kumi nzuri hawezi kuliona.

Jambo la pili ni lugha. Kamusi hutuambia neno lina maana gani. Mara chache hutuambia lilisemwa na nani, kwa nani, na kwa sauti gani. Katika hadithi ya picha tunamwona msemaji, nguo zake, umri wake, na uso wa anayeambiwa. Mwanafunzi wa Burundi ambaye lugha yake ya kwanza ni Kirundi anahitaji sana msaada huo. Tuchukue mfano wa somo hili hili letu la kuuza na kutunza. Katika Kirundi, kugura ni kununua na kugurisha ni kuuza. Kubika ni kuweka au kutunza. Mwanafunzi aliyezoea kwamba mauziano yote hutoka katika mzizi mmoja anashangaa kukuta Kiswahili kikitumia vitenzi viwili, kununua na kuuza, na mara nyingi huvichanganya. Picha ya Ndumilakuwili akimbandika mtu mali mbovu sokoni inamaliza utata huo kuliko ubao mzima wa maelezo: anayenyoosha bidhaa anauza, anayenyoosha fedha ananunua.

Jambo la tatu ni tarehe za maneno. Kila kipindi kina msamiati wake. Tanzania ya mwaka 1983 ilikuwa na kampeni kali dhidi ya wahujumu uchumi, na maneno kama ulanguzi yalikuwa midomoni mwa watu. Baada ya mwaka 1985, Rais Ali Hassan Mwinyi alipolegeza masharti ya biashara, watu walimwita Mzee Ruksa, na neno ruksa likapata maana pana. Miaka hiyohiyo ndipo jina Ukimwi lilipoundwa kutokana na maneno Upungufu wa Kinga Mwilini. Magazeti ya vichekesho hufuata maneno ya namna hii haraka kuliko vitabu vya kiada, kwa sababu kichekesho kisichotumia lugha ya leo hakimchekeshi mtu. Kwa hiyo mkusanyiko uliopangwa kwa miaka ni kama ngazi: mwanafunzi anaweza kupanda toleo kwa toleo akaona neno linapoingia, linapozoeleka na linapochuja. Ngazi iliyong'olewa vipandio kumi bora haipandiki vizuri tena.

Vilevile tusisahau tanakali za sauti. Kitabu cha sarufi kitatoa mifano mitatu au minne, kama vile kuanguka pu! na kutumbukia chubwi! Katika hadithi za picha sauti hizo ziko kila ukurasa, zimeandikwa kwa herufi kubwa kando ya kitendo chenyewe.

Wapo watafiti waliokwisha kuonyesha kwamba vichekesho hivi ni data halali. Mwaka 2003 Jigal Beez, mtafiti wa Kijerumani, alichapisha makala akimlinganisha Komredi Kipepe na Asterix wa Wafaransa, akionyesha jinsi wachoraji wa Afrika Mashariki walivyochukua vya kigeni na kuvifanya vya kwao. Utafiti kama huo haufanyiki hewani. Ulifanyika kwa sababu zilikuwepo nakala za kusoma. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili Dar es Salaam niliona maktaba ya Chuo Kikuu ikiwa na sehemu yake maalumu ya machapisho ya Afrika Mashariki, na nikajifunza kwamba gazeti lililodharauliwa na kizazi kimoja hutafutwa kwa udi na uvumba na kizazi kinachofuata.

Je, akiba haiozi?

Wahenga walisema akiba haiozi. Walikuwa wakizungumzia tabia ya kuweka, wala hawakuwa wakizungumzia karatasi ya gazeti. Karatasi hiyo hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa, na ndani yake hubaki kemikali ambazo, zikipata mwanga na hewa, huigeuza rangi ya manjano kisha huifanya ivunjike kama jani kavu. Hilo hutokea hata kama hakuna mtu anayeigusa. Juu yake kuna maadui tunaowajua sote: mchwa, panya, kuvu na maji ya mvua.

Kwa hiyo anayesema "nimeamua kutunza" kisha akarudisha sanduku chini ya kitanda hajatunza kitu. Ameahirisha tu kupoteza. Nakala nne kati ya zile za baba mdogo zilikuwa zimeshikana kwa unyevu hata zisifunguke, na moja ilikuwa imeliwa na mchwa ikabaki jalada.

Kutunza kwa kweli hakuhitaji mitambo, bali kunahitaji kazi. Sanduku lisikae sakafuni wala lisiegemee ukuta. Liwekwe juu ya ubao au matofali ili hewa ipite. Magazeti yalazwe, yasisimamishwe, wala yasikunjwe. Nakala yenye unyevu ikaushwe kivulini kabla ya kuwekwa na nyingine. Jua kali huikausha upesi lakini huifubaza. Pini zenye kutu zitolewe taratibu na mahali pake papitishwe uzi. Selotepu isitumike kabisa, kwa sababu gundi yake hugeuka rangi na kula karatasi. Mfuko wa plastiki uliofungwa kabisa nao ni hatari, kwa kuwa hufungia unyevu ndani na kuvu huota. Sanduku lifunguliwe na kukaguliwa angalau mwanzoni na mwishoni mwa kila msimu wa mvua. Gitega na Muyinga ziko nyanda za juu, kuna ubaridi kuliko Bujumbura, na hilo husaidia karatasi kidogo. Lakini miezi ya mvua ni mingi.

Mwenye simu yenye kamera anaweza pia kupiga picha kila ukurasa karibu na dirisha, bila kutumia mwanga wa kamera. Hata hivyo, izingatiwe kwamba kumiliki nakala si kumiliki haki ya kuichapisha. Burundi ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 2005, na haki za wachoraji na wachapishaji haziishi kwa sababu gazeti limezeeka. Picha hizo ziwe za kuhifadhi na za kujisomea. Anayetaka kuzisambaza kwa umma atafute idhini kwanza.

Maswali manne ya mwenye mali

Baada ya kuyatafakari hayo, ninapendekeza kwamba yeyote mwenye mkusanyiko ajiulize maswali manne, kwa mpangilio huu.

La kwanza: nina nini? Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika orodha kabla ya kuzungumza na mnunuzi yeyote: jina la gazeti, namba ya toleo, mwaka kama unasomeka, hali ya nakala, na mahali uliponunua kama unakumbuka. Kazi hii huchukua siku moja au mbili na haigharimu kitu zaidi ya daftari. Orodha humsaidia muuzaji kutopunjwa, na hata vitu vikiuzwa, orodha hubaki.

La pili: nakala zipi zinajirudia? Nakala ya pili ya toleo lilelile inaweza kuuzwa bila kuuharibu mkusanyiko. Iuzwe iliyo bora au iliyo mbaya? Ukitafuta fedha, uza iliyo bora na utunze inayosomeka.

La tatu: fedha inayotolewa inatatua shida yangu kweli? Kama inalipa deni la hospitali au karo, basi ni fedha yenye maana, na mtu asilaumiwe kwa kuuza. Binadamu hatungwi mbele ya karatasi. Kama haitatui shida, bali itaisha kwa juma moja, basi mtu ameacha mbachao kwa msala upitao.

La nne, na ndilo zito: nani atabeba gharama ya kutunza? Kama ni mwenyewe, awe na mahali pakavu na muda wa kukagua. Kama hana, atafute taasisi: maktaba ya chuo, shule, au kituo cha kusoma kama kipo karibu. Na akikabidhi, akabidhi kwa maandishi yanayosema kama ametoa zawadi, ameuza au ameazima. Kama mkusanyiko unaweza kugawanywa. Na nani ataruhusiwa kuusoma. Mikusanyiko mingi hupotea ikiwa mikononi mwa taasisi kwa sababu aliyeipokea amehamishwa na hakuacha karatasi.

Tulivyoamua

Tulijibu maswali hayo uani pale, mimi na baba mdogo na mjukuu mwenyewe anayedaiwa karo, ambaye ndiye aliyeandika orodha kwa mwandiko mzuri kutuzidi. Nakala zilizojirudia zilikuwa tisa. Hizo baba mdogo aliamua kumwuzia yule mgeni, ambaye alikubali saba, kwa bei iliyoshuka kidogo kwa sababu hazikuwa zile alizozichagua. Muuza karanga alipewa magazeti ya kawaida yaliyokuwa chini ya sanduku, na aliridhika.

Fedha hiyo ilitosha nusu ya karo. Ndipo lilipokuja swali la nne. Baba mdogo aliniuliza kwa upole, lakini aliuliza: "Hizi zilizobaki unasema ni mali kwa wanafunzi wako. Sasa mbona anayezilinda ni mimi peke yangu?" Sikuwa na jibu la kitaaluma. Niliporudi Gitega niliwaeleza wenzangu watatu wa somo la Kiswahili. Tulichanga nusu iliyobaki ya karo, kila mtu kwa uwezo wake, na kwa fedha hiyo tukanunua zile nakala 77. Hatukulipa bei ya mnada, wala hatukudai zawadi. Tuliandikiana karatasi ya ukurasa mmoja: mkusanyiko hautagawanywa, utakaa kwenye kabati lenye kufuli, mwanafunzi yeyote ataruhusiwa kuusoma papo hapo, na baba mdogo au wajukuu wake wanaweza kuja kuusoma wakati wowote.

Nakala moja ilirudi Muyinga. Aliiomba siku ya kutia saini, akaitoa kwenye rundo bila kutafuta: ile aliyoinunua mara ya kwanza mpaka ulipofunguliwa. Tuliifuta kwenye orodha, zikabaki 76.

Hitimisho

Makala haya hayasemi kwamba kuuza ni vibaya na kutunza ni vizuri. Gazeti lililouzwa kwa mtu atakayelitunza liko salama kuliko lililotunzwa chini ya paa linalovuja. Linalosisitizwa ni kwamba uamuzi usifanywe kabla ya orodha, na kwamba sisi tunaosema mali fulani ni urithi wa wote tuwe tayari kuchangia gharama zake, badala ya kumwachia mzee mmoja azilipe peke yake.

Wanafunzi wanaokwenda likizo Muyinga, Ngozi, Makamba, Rumonge au hapa hapa Gitega wanaombwa kuuliza nyumbani kama lipo sanduku la namna hii. Wasilichukue, wala wasiahidi bei. Waanze na daftari na kalamu, wakae na mwenye mali, na waandike.